Wanawake na wanyamaze? Vile unaweza kusoma hiyo mistari bila kuipindisha

Nianze na leso. Jumapili moja kwa kanisa fulani huku Eastlands, mama wa makamo alisimama kutoa ushuhuda vile Mungu alimponyea mtoto, kichwa wazi, nywele amesuka mistari. Hata kabla afike mbele mama mmoja wa ulinzi alitoka kando na leso ya maua akamwekea kichwani mwenyewe, akaifunga kisogoni haraka haraka kama mtu anafunga mzigo wa steji, sababu 1 Wakorintho 11 inasema mwanamke akisali bila kufunika kichwa anakiaibisha kichwa chake. Sawa. Mama akaendelea, akasoma zaburi, akaanza kueleza kidogo hiyo zaburi ilimfunza nini usiku ule mtoto alikuwa na homa, na ni kama dakika tatu tu zilikuwa zimeisha mzee wa kanisa akaenda akamtoa maiki mkononi, kwa upole kabisa, akasema mama hapo pametosha, ushuhuda ni sawa lakini kufundisha ni kazi ya wanaume, Paulo alisema wanawake wanyamaze. Nilikuwa benchi la nyuma yake. Alikaa, akaifungua ile leso, vidole vinatetemeka, akaikunja mara nne na kuiweka kando yake, na mpaka ibada iishe hakuimba.

Nimefikiria hiyo leso miaka mingi. Mstari wenye uliiweka kichwani kwake unasema hivi, "kila mwanamke asalipo, au anapohutubu, bila kufunika kichwa". Asalipo, au anapohutubu. Paulo anaongea juu ya mwanamke mwenye tayari anasali na kuhutubu mbele ya watu, na shida yake ni kichwa tu. Hakuna mahali hapo anamwambia akae chini. Alafu sura tatu mbele, barua ile ile, kwa watu wale wale wa Korintho, ndio tunapata "wanawake na wanyamaze katika kanisa". Kwa hivyo yule mama alivishwa kwa mstari wa sura ya 11 ili aongee, akanyang'anywa maiki kwa mstari wa sura ya 14 kwa sababu ameongea. Barua moja haiwezi kutumika hivyo.

Naongoza ushirika wa nyumbani huku Kayole na hili swali linarudi kila mwaka, sana sana dada mpya akijiunga ama kijana akiona video huko kwa simu. Nimeona watu wakikosana juu yake mpaka wanahama kanisa. Basi nitaeleza vile sisi tunafanya tukisoma hii mistari, hatua kwa hatua, na mahali nimeshindwa kuwa na uhakika nitasema pia.

Cha kwanza kabisa, usianze na mstari. Anza na barua nzima. Sisi huchukua 1 Wakorintho tunasoma kwa sauti, kila mtu sura moja, na inaisha jioni moja na chai ikiwa hakuna mtu ataingilia na mahubiri. Ukisoma hivyo utaona vitu ambavyo mstari wa WhatsApp haukuonyeshi. Utaona kwa sura ya 1 habari za fujo zilimfikia Paulo kupitia watu wa nyumbani mwa Kloe, na Kloe ni mwanamke. Utaona sura ya 7 anaanza kusema "kwa mambo yale mliyoandika", maanake wao walimwandikia kwanza na hapa tunasikia upande mmoja wa simu. Utaona mwisho kabisa, sura ya 16, salamu kutoka kwa Akila na Priska na kanisa lililo katika nyumba yao. Hawa watu hawakuwa na jengo na mimbari na madhabahu ya maua ya plastiki. Walikuwa wanakutana sebuleni kwa mtu, mtu anakula, mwingine anaongea kwa lugha, mwingine ana ufunuo, wote saa moja. Sura ya 14 yote ni Paulo akijaribu kupanga hiyo sebule.

Sasa ukifika hapo kwa sura ya 14 chukua kalamu, na hii ndio sehemu napenda kuliko zote, uweke alama kila mahali neno nyamaza limetokea. Liko mara tatu. Mstari wa 28, mwenye kunena kwa lugha, kama hakuna wa kufasiri, "na anyamaze katika kanisa". Mstari wa 30, mtu anahutubu na mwingine aliyeketi akifunuliwa neno, "yule wa kwanza na anyamaze". Mstari wa 34, wanawake na wanyamaze. Kwa Kigiriki ni kitenzi kimoja hicho hicho mara zote tatu. Na sijawahi kusikia mtu akisema mwenye kunena kwa lugha amefungwa mdomo maisha yake yote, ama kwamba nabii wa mstari wa 30 asihubiri tena mpaka afe. Kila mtu anaelewa hapo ni kunyamaza kwa wakati fulani kwa sababu fulani ili utaratibu ukae. Ukifika 34 ndio watu wanabadilisha kipimo. Mimi nauliza tu, kwa nini?

Na sababu imetajwa hapo hapo mstari unaofuata, 35, "wakitaka kujifunza neno lo lote, na wawaulize waume zao nyumbani". Kwa hivyo kuna maswali yalikuwa yanaulizwa katikati ya ibada. Wasomi wengine wanaona ni maswali ya kukatiza tu, wengine wanaona ilikuwa ile kazi ya kupima maneno ya manabii iliyotajwa mstari wa 29, yaani mke anasimama kuhoji unabii wa mumewe mbele ya watu, na hiyo ni aibu ya nyumba mbili. Wengine wanasema 34 na 35 ni maneno ya Wakorintho wenyewe Paulo anayarudia ili ayapinge, ndio maana 36 anauliza kwa ukali "Je! Neno la Mungu lilitoka kwenu?" Hiyo ya mwisho inavutia lakini mimi binafsi haijanishawishi kabisa, sababu pahali pengine akirudia maneno yao huwa ni kipande kifupi, si mistari miwili mizima na sababu zake. Kuna pia nakala za zamani za mkono, za Kigiriki na Kilatini, zimeweka hiyo mistari miwili mwisho wa sura, baada ya mstari wa 40, na ndio kuna wasomi wanashuku iliingizwa baadaye. Hiyo ya mwisho usiitumie kama rungu kwa ushirika, utawatia watu wasiwasi juu ya Biblia yote bure, na huhitaji kufika huko. Ile ya neno nyamaza mara tatu inatosha.

Kitu kingine, jua Biblia yako imetafsiriwa. Wengi wetu tumelelewa na ile Union Version ya 1952 na naipenda, mistari yote iko kichwani mwangu ni yake. Lakini angalia hili neno kuhutubu. Mkenya akisikia kuhutubu anafikiria hotuba, mwanasiasa Uhuru Park. Kwa Kigiriki ni kutoa unabii, na ni neno hilo hilo limetumika Matendo 21:9 kwa wale binti wanne wa Filipo, ila huko limeandikwa "wakitabiri". Ukiwa na Biblia ya Kiswahili peke yake huwezi kujua hao binti wanne na wale mama wa Korintho walikuwa wanafanya kazi moja. Na kama unauliza hiyo kazi ni nini, 1 Wakorintho 14:3 inajibu, anayehutubu anasema na watu maneno ya kuwajenga, kuwafariji na kuwatia moyo. Sasa niambie yule mama wa leso alikuwa anafanya nini na zaburi yake.

Mfano mwingine, Fibi. Warumi 16:1 anaitwa "mhudumu wa kanisa lililoko Kenkrea". Mhudumu, na hapa Nairobi mhudumu ni mtu wa kukuletea chai hotelini. Neno la Kigiriki hapo ni diakonos, na neno hilo hilo Wafilipi 1:1 tumeliandika mashemasi. Wanaume wakawa mashemasi, Fibi akawa mhudumu. Sisemi watafsiri walikuwa na nia mbaya, hilo neno lina maana zote mbili, lakini msomaji ana haki ya kujua. Na ona Kenkrea ni wapi, ni bandari ya Korintho upande wa mashariki! Majirani kabisa wa lile kanisa lililoambiwa wanawake wanyamaze, na huko shemasi wao ni mwanamke, na Paulo anaambia Warumi wampokee na wamsaidie kwa neno lolote atakalohitaji kwao. Wasomi wengi wanaamini ndiye alibeba hiyo barua mpaka Roma.

Na 1 Timotheo 3:11, katikati ya sifa za mashemasi, tunasoma "vivyo hivyo wake zao". Hilo neno "zao" haliko kwa Kigiriki. Kigiriki kinasema wanawake vivyo hivyo, na neno la mwanamke na la mke ni moja, kwa hivyo inaweza kuwa wake za mashemasi na inaweza kuwa mashemasi wanawake. Mtafsiri ilibidi achague akachagua. Programu nyingi za Biblia kwa simu zina sehemu ya kuonyesha neno la Kigiriki chini ya kila neno, hazihitaji ujue Kigiriki, unagusa tu. Tumia bando yako hapo mara moja moja.

Sasa mstari mgumu. Nikisema mgumu namaanisha, na yeyote anayekuambia 1 Timotheo 2:12 ni rahisi, awe upande gani, usimwamini haraka. "Simpi mwanamke ruhusa ya kufundisha, wala kumtawala mwanamume, bali awe katika utulivu."

Hapa tunafanya vitu vitatu. Tunaanza na mstari wa kabla yake, "mwanamke na ajifunze katika utulivu". Utulivu hapa si lile neno la kunyamaza la Korintho, ni lingine, na linatoka shina moja na lile la mstari wa 2 penye sisi wote tunaombea wenye mamlaka "tuishi maisha ya utulivu na amani". Hakuna anayesoma mstari wa 2 akasema Wakristo wote wawe bubu. Na amri yenyewe kwa mstari wa 11 ni ajifunze. Halafu tunaangalia hilo neno kumtawala. Kwa Kigiriki ni authentein, na katika Agano Jipya lote liko hapa tu, mara moja, kwa hivyo wasomi wanabishana kama ni mamlaka ya kawaida ama ni kujitwalia ubabe. Maneno ya kawaida ya mamlaka Paulo alikuwa nayo, hapa hakuyatumia. Halafu tunakumbuka Timotheo alikuwa Efeso, mji wa Artemi, mungu wao wa kike, soma Matendo 19 uone vile walipiga kelele karibu saa mbili, na aliachwa huko, 1 Timotheo 1:3 inasema wazi, ili awakataze watu wasifundishe elimu nyingine. Barua nzima ni ya kuzima moto wa mafundisho ya uongo, na 2 Timotheo 3:6 inaonyesha wadanganyifu walikuwa wanajiingiza majumbani na kuwateka wanawake. Mtu hajafundishwa, anadanganywa, anasimama kufundisha. Unamwambia nini? Nyamaza kwanza ujifunze.

Lakini upande wa pili wana hoja ya haki na lazima uiweke mezani yote, usiifiche ili ushinde. Mstari wa 13 unasema "kwa maana Adamu ndiye aliyeumbwa kwanza, na Hawa baadaye". Paulo hataji Artemi, hataji kukosa elimu, anaenda mpaka uumbaji. Ndio maana kuna makanisa mengi ya watu wanaompenda Bwana na wanaheshimu mama zao ambao wanasema hii si ya Efeso peke yake. Kanisa Katoliki mwaka wa 1994 Papa Yohane Paulo wa Pili alifunga mlango wa upadri kwa wanawake, ijapokuwa sababu zake ni nyingine, zaidi ni kwamba Yesu alichagua mitume wanaume, na 2021 Papa Fransisko akaandika kwa sheria kwamba wanawake wanaweza kuwekwa rasmi kuwa wasomaji wa Neno na wahudumu wa altare. Waadventista walipiga kura San Antonio 2015 kama kila kanda ijiamulie kuhusu kuwabariki wachungaji wanawake, yaani kuwaweka wakfu, ikakataliwa 1,381 kwa 977. Kwa upande mwingine hapa Kenya PCEA, kanisa la Presbyterian, ilimbariki Nyambura Njoroge 1982, Waanglikana wa Maseno Kusini wakambariki Lucia Okuthe 1983 chini ya Askofu Henry Okullu, na 2021 Emily Onyango akawa askofu msaidizi Bondo na Rose Okeno askofu wa Butere, na Biblia ni ile ile.

Mimi nasimama wapi? Naona mwanamke aliyejifunza anaweza kufundisha kanisa, na mlango wa uchungaji naona uko wazi. Sababu yangu kubwa ni Priskila, ndiye yule Priska wa salamu za Korintho. Matendo 18, Apolo amesoma sana, hodari wa maandiko, lakini anajua ubatizo wa Yohana tu, na Priskila na Akila "wakamchukua kwao" wakamweleza njia ya Bwana kwa usahihi zaidi. Jina la mke limetangulia. Na hiyo ilitokea wapi, Efeso! Mji ule ule wa Timotheo. Kama 1 Timotheo 2:12 ni marufuku ya milele kwa kila mwanamke, Efeso ni mji wa kwanza ambao ulikuwa umeshaivunja na Luka akaandika bila kulalamika. Najua nitajibiwa kwamba ilikuwa nyumbani si ibadani, na nami nasema kanisa lao pia lilikuwa nyumbani. Na Yunia, Warumi 16:7, "maarufu miongoni mwa mitume", kuna wanaosema maana yake anajulikana tu na mitume, lakini Yohana Krisostomo, Mgiriki wa karne ya 4 aliyeongea hicho Kigiriki tangu utoto, alimsifu kama mwanamke aliyestahili kuitwa mtume.

Kipimo kimoja cha haki ambacho nakipenda na kinafaa kila upande. Soma 1 Timotheo 2 kuanzia mstari wa 8 mpaka 12 kwa sauti moja. Mstari wa 8 wanaume wasalishe wakiinua mikono, bila hasira wala majadiliano. Mstari wa 9 wanawake wasijipambe kwa kusuka nywele, wala dhahabu, wala lulu, wala nguo za thamani. Kanisa likikuambia 12 ni sheria ya milele, angalia wamefanya nini na 9. Kama kwaya nzima imesuka na kuna pete za dhahabu kila benchi, basi tayari wamekubali kuna kitu kwa hiyo sura kinahitaji kuelezwa kulingana na nyakati, na wanadaiwa maelezo kwa nini mpaka umewekwa kati ya mstari wa 9 na wa 12. Na wewe pia wa upande wangu, ukisema 12 ni ya Efeso tu, unadaiwa maelezo ya Adamu na Hawa. Maelezo yangu ni kwamba mstari wa 14 Hawa anatajwa kama mtu aliyedanganywa, na hiyo ndiyo ilikuwa shida ya Efeso yenyewe, lakini nakubali mtu anaweza kuisoma vingine akiwa na akili timamu na moyo safi.

Mambo mengine pitia haraka, yako wazi. Debora aliamua Israeli, Waamuzi 4. Hulda aliulizwa neno la Bwana na kuhani mkuu mwenyewe, 2 Wafalme 22, na Yeremia alikuwa hai wakati huo. Maria Magdalena ndiye alitumwa na Yesu mwenyewe kwenda kuambia ndugu amefufuka, Yohana 20. Kuimba kwa kwaya ni kufundisha, Wakolosai 3:16, "mkifundishana na kuonyana kwa zaburi", hakuna jinsia hapo.

Kama utafanya hii somo kwenu, ushauri wangu wa mwisho ni wa vitendo. Usiifanye siku kuna mgogoro, mtu amefukuzwa kwaya jana na leo mnafungua Timotheo, haitasaidia. Ongea na pasta ama mzee wako mbele, mwambie mnataka kusoma nini, msifanye kama siri, na kama katiba ya kanisa lenu inakataza mwanamke kuhubiri iheshimu mkiendelea kuongea. Pangeni jioni tatu, moja Wakorintho, moja Timotheo, moja wale wanawake wa Warumi 16. Wape dada wasome kwa sauti mistari migumu wao wenyewe, 14:34 na 2:12, na baada ya kusoma kaeni kimya kidogo kabla mtu aanze kueleza. Waume wengi hawajawahi kusikia huo mstari ukisomwa na mtu ambaye unamhusu.

Kwetu mara ya mwisho aliyesoma ni msichana wa form four, alisoma "hawana ruhusa kunena" akaishia hapo, akatuangalia, akauliza basi naendelea ama naacha. Mzee mmoja wa miaka sabini na kitu, mwenye kwa hili jambo hatukubaliani na labda hatutakubaliana, alivua miwani akamwambia endelea mwanangu, soma mpaka mwisho wa sura.